JUMATANO: Mkono Unaosalimu

Katika vijiji vilivyo kando ya msitu wa Kagerankanda, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi. Waumini hufika kanisani wamejifunika makoti na vitenge. Husalimiana "Mwakeye" na kushikana mikono, kisha hubanana kwenye mabenchi huku madirisha yamefungwa. Mmoja anapiga chafya. Si ajabu, Sabato inayofuata, nusu ya darasa kuwa na mafua na mtoto mchanga wa mmoja wetu kuwa anahema kwa shida.

Wengi husema, "Nimepigwa na baridi." Lakini mafua huletwa na virusi, na aina zake hupita 200. Baridi hutufanya tujifungie ndani pamoja, na hapo virusi hupata nafasi. Mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au hata kuimba, hutoa matone madogo ambayo jirani huyavuta kwa pumzi. Mengine hubaki kwenye kiganja alichofutia pua, yakapita kwa salamu, kwa kitasa cha mlango, kwa kitabu cha nyimbo. Aliyeyapokea akigusa macho, pua au mdomo wake, ugonjwa umeingia.

Soma Marko 7:1–23. Wanafunzi walilaumiwa kwa kosa gani? Yesu alikataa nini, na ni nini ambacho hakukikataa?

Wapo wanaolitumia fungu hili kusema kwamba kunawa mikono ni jambo dogo, maana kimtiacho mtu unajisi hutoka moyoni. Lakini Mafarisayo hawakuwa wakizungumzia vijidudu. Kunawa kwao kulikuwa mapokeo ya wazee, alama ya kujiona watakatifu kuliko wengine. Yesu alikataa wazo kwamba maji ya kiganjani husafisha moyo. Hakufundisha kwamba uchafu hauna madhara. Katika Sheria, Mungu aliwaagiza Israeli wafukie uchafu nje ya kambi (Kumbukumbu la Torati 23:12, 13), na mwenye ukoma afunike mdomo wake wa juu (Walawi 13:45). Kunawa hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu. Kunamlinda jirani, na kumlinda jirani ni sehemu ya upendo.

Soma Marko 1:40–42. Yesu alifanya nini ambacho wengine waliogopa kukifanya?

Yesu alipomgusa mwenye ukoma, ugonjwa ulikimbia. Sisi tukigusa, mikono yetu inaweza kuubeba ugonjwa na kuupeleka kwa mwingine. Je, basi tumwepuke mgonjwa? Hapana. Upendo wetu hunawa mikono, kisha husogea karibu.

Mkoa wetu umeliona jambo hili. Mwaka 2015 maelfu ya watu waliokimbia Burundi walikusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. Kijidudu chake si kile cha mafua, lakini nacho hupitia mikono michafu, pamoja na maji na chakula. Wakimbizi wengi walisafirishwa kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Wagonjwa walitibiwa, maji safi yakatafutwa, watu wakahimizwa kunawa mikono. Kupokea wageni na kujikinga vilikwenda pamoja. Kimoja hakikufuta kingine.

Tufanye nini basi darasani kwetu?

Mwenye mafua na aanze yeye. Aweke mkono kifuani, ainame kidogo na kusema, "Mzee, nina mafua, naomba nisikupe mkono." Neno hilo likisemwa kwa heshima halimvunjii mzee adabu, linamkinga. Akikohoa, aelekeze mdomo kwenye kiwiko, si kiganjani.

Tufungue madirisha, hata kukiwa na baridi. Afadhali kuvaa koti la pili kuliko kuvuta pumzi iliyotumiwa na watu arobaini.

Tuweke kibuyu chirizi mlangoni: dumu la maji, kijiti cha kukanyaga, kamba na kipande cha sabuni. Tulijaze Ijumaa, siku ya maandalizi. Kila mmoja anawe kwa sabuni kwa sekunde 20. Na katika huduma ya unyenyekevu, kila wawili wapewe maji yao safi.

Mwenye homa abaki nyumbani, na tusimwandike mtoro. Kukosa Sabato moja ili kumlinda mtoto wa mwenzako si kurudi nyuma. Lakini darasa lisimwache peke yake: wawili waende kumchotea maji, kumtafutia kuni, na kujifunza naye somo wakiwa wamekaa uani penye hewa.

Mafua ya kawaida huisha yenyewe baada ya siku saba hadi kumi, kwa kupumzika na kunywa vya kutosha. Antibayotiki haziui virusi. Lakini mtoto akihema haraka, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au akipata degedege, msingoje Sabato ipite. Apelekwe zahanati saa ileile. Yesu mwenyewe alifundisha kwamba ni halali kutenda mema siku ya Sabato (Mathayo 12:12).

Soma Wafilipi 2:4. Ni nani katika darasa lenu angeumia zaidi kama ungemwambukiza mafua: mzee, mjamzito, mtoto mchanga? Utabadili nini Sabato hii kwa ajili yake?

Ni nani hajaonekana kwa majuma mawili sasa kwa sababu ya ugonjwa? Nani atamtembelea kabla ya jua la kesho kuzama?