Karatasi Isubiri Zamu Yake

Siku moja nilikaa benchi la nyuma katika mahakama ya wilaya, nikimsindikiza ndugu yangu mwenye kesi ya madai. Kabla yetu iliitwa kesi ya jinai. Askari aliyekuwa shahidi alichomoa hati ya ukamataji mali kwenye bahasha ya kaki, akaanza kuisoma. Hakimu akamkatiza: "Shahidi, hiyo bado haijapokelewa." Nilicheka kimoyomoyo. Karatasi anayo mkononi, sote tunaiona. Kinachosubiriwa ni nini?

Leo sicheki tena. Shahidi huanza kwa kuitambua hati: sahihi hii ni yangu, tarehe ni ile. Kisha huomba ipokelewe, na upande wa pili huulizwa kama una pingamizi. Hakimu akikubali, ndipo inapoitwa kielelezo na kusomwa kwa sauti. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliuweka wazi utaratibu huo mwaka 2003, na imeurudia mara nyingi tangu hapo. Masikio hayana pazia. Hakimu akishasikia kwamba fulani alikutwa na mali ya wizi, halafu karatasi ikakataliwa, atayarudisha wapi aliyoyasikia?

Kuhusu hati halisi na nakala, Sheria ya Ushahidi ya 1967 haina mafumbo: lete halisi. Nakala hukubaliwa kwa sababu maalumu, kama vile halisi kupotea, kuungua, au kushikiliwa na mpinzani aliyepewa notisi akakaidi. Aliyewahi kuuziwa kiwanja kwa fotokopi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kinachonisumbua ni lile sharti la kusomwa. Hati iliyopokelewa bila kusomwa, Mahakama ya Rufani huifuta kwenye kumbukumbu, hata kama imesheheni ukweli. Imetokea kwa PF3, fomu ya polisi anayoijaza daktari, katika kesi za ubakaji. Mama wa mtoto aliyeumizwa akiambiwa kwamba fomu ya daktari imefutwa kwa sababu hakuna aliyeisoma, utamlaumu akilia? Kosa si lake. Nafuu iliyopo ni kwamba daktari akiwa ameeleza kwa kinywa chake alichokiona, maneno yake hubaki, na mara nyingi kesi husimama juu ya hayo.

Hata hivyo nimeegemea upande wa sharti hilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema kweli. Lakini daftari huwa mkononi mwa anayejua kuandika. Asiyejua kusoma hufungwa na maneno aliyoyaona kama michoro tu. Kumsomea ni kumtambua kuwa naye ni mtu katika chumba kile. Sisi tusio mahakimu tuna haraka kuliko yule askari: picha ya ujumbe wa mtu ikitua kwenye grupu la ukoo, tumeshaisoma, tumeshahukumu, na mwenyewe hajaulizwa kama ni maandishi yake.

Yule askari aliitambua sahihi yake. Mshtakiwa akasema hana pingamizi. Hati ikapokelewa, ikasomwa polepole, mstari kwa mstari: redio moja, simu tatu, panga moja. Mshtakiwa, aliyekuwa ameitia dole gumba hati ile, akainua mkono.

"Mheshimiwa, simu zilikuwa mbili."