Fedha Hiyo ni ya Nani?

Mvua za masika zianzapo, kambi nyingi za watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere hufungwa, kwa kuwa njia za huko hugeuka matope na magari hayapiti. Ndipo vijana wetu wa Mbagala, Tandika, Tandale na Kawe, waliokwenda kutumika huko tangu Juni, hurejea makwao. Wengi hushuka Mbagala Rangi Tatu na mabegi yao begani, nao hupokewa nyumbani kwa shangwe. Huulizwa kwanza habari za simba na tembo. Kisha huulizwa wameleta nini.

Mama mmoja wa Mbagala alitujia na swali ambalo twaona yafaa kulijibu mbele ya wasomaji wote. Mwanawe alikuwa mhudumu wa meza katika kambi mojawapo. Siku moja mgeni aliyekuwa akiondoka alimwita nyuma ya hema, akamtia mkononi noti ya dola 100. Wafanyakazi wa kambi ile walikuwa wamepatana, tangu mwanzo wa msimu, kwamba kila bakshishi itiwe katika sanduku moja, na mwisho wa mwezi igawanywe sawasawa. Kijana hakuitia noti ile. Aliileta nyumbani, ikalipa kodi ya chumba. Alipomweleza mama yake jinsi alivyoipata, mama alikosa raha. Atuuliza: fedha hiyo ilikuwa ya mwanangu, au haikuwa yake?

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kijana ana maneno ya kujitetea, wala si maneno ya kijinga. Asema: mgeni hakumpa dobi wala mlinzi, alinipa mimi, na zawadi ni mali ya aliyepewa. Asema tena: niliamka kabla ya mapambazuko kila siku, nikamtumikia kwa uso mkunjufu. Mwisho asema: mama yangu alikuwa akidaiwa kodi, na Mungu ameniamuru kuwaheshimu wazazi.

Ili kumjibu, yatupasa kwanza kutazama mahali penyewe. Hifadhi ile, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka katika Pori la Akiba la Selous, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Mtu akiisha kupita Kibiti na Mloka na kuingia lango la Mtemere, ameacha nyuma maduka na majirani. Usiku mgeni haachwi atembee peke yake toka hema hadi hema, maana viboko hupanda toka Mto Rufiji kuja kula majani, na tembo hupita penye mahema. Basi mgeni yule alilala salama kwa sababu mlinzi alikesha. Alioga kwa sababu mwingine alimtengenezea maji. Alijifunika shuka safi kwa sababu dobi aliifua. Hao wote hakuwajua majina, na wengine hakuwaona hata mara moja. Alishukuru mkono aliouona.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mjini twaweza kulisahau jambo hili, tukadhani kila mtu ajilisha mwenyewe. Porini hakuna awezaye kujidanganya hivyo hata usiku mmoja. Sanduku lile liliwekwa ili dobi naye afikiwe na shukrani ya mgeni ambaye hamwoni.

Ni kweli kwamba zawadi ni mali ya aliyepewa. Lakini kijana huyu alikuwa ametoa ahadi kabla ya zawadi kuja. Zaidi ya hayo, kila mwisho wa mwezi alipokea fungu lake katika fedha waliyopewa dereva na mwongoza watalii. Mama anayecheza upatu ajua vema neno la kumwita mwanamke apokeaye zamu yake, kisha zamu za wenzake zikifika ajificha. Tuseme wafanyakazi wa kambi walikuwa 20. Katika dola 100 fungu la kijana lilikuwa dola 5. Dola 95 zilikuwa za wenzake.

Na umaskini wake je? Ni wa kweli, nasi hatuupuuzi. Lakini dobi naye ana mama, na mama yake naye apangishwa chumba. Bwana wetu alisimulia habari za wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ambao walioitwa jioni walipewa dinari nzima kama wa asubuhi. Nao, twaweza kuongeza, walikuwa na njaa ile ile. Kama shida ilikuwa kubwa, kijana angaliweza kuisema mbele ya wenzake, penye moto wa jioni. Huenda wangalimwachia yote. Neno tuwezalo kuliomba mbele ya wenzetu, hatuna haja ya kulifanya nyuma ya hema.

Tuna neno kwa waajiri pia. Bakshishi si mshahara. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba juu ya mapatano yote kuna haki ya asili, yaani ujira usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Bwana apunguzaye mishahara kwa kuwa wageni ni wakarimu, au ashikaye ufunguo wa sanduku peke yake na kulifungua kwa siri, awafundisha watumishi wake kuficha. Lakini kosa la bwana halimpi kijana ruhusa ya kula fungu la dobi.

Basi twamjibu mama: isipokuwa fungu lake, fedha ile haikuwa yake, na kitu cha watu hurudishwa. Padre humwondolea dhambi mwenye kutubu. Deni la dobi halilipiki kwa toba peke yake. Haitakiwi arudishe yote kwa siku moja, ikiwa hana. Juni kambi zitafunguliwa. Aende, awaambie wenzake, na kila mwezi aache katika sanduku sehemu ya fungu lake mpaka deni liishe. Ataona haya siku ya kwanza. Lakini watu hao ndio watakaomlinda usiku, naye afadhali alindwe na watu wasiodanganywa.

Nanyi wazazi, vijana wanaporudi masika haya, msiulize tu wameleta nini. Ulizeni pia wamekipataje. Mama huyu aliuliza kodi ikiwa imekwisha kulipwa. Hata hivyo aliuliza, na kwa hiyo mwanawe bado ana njia ya kurudi.