Shanga za Kijitoni

Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri, alipotumwa na mamaye kuteka maji, aliinama kijitoni akayatazama mayai ya vyura, akayadhani shanga, na kila alipojaribu kuyaopoa yakamkatikia vidoleni. Binti huyo, baada ya kaka yake kuuliza kwa nini yeye hapelekwi shule, alitiwa shuleni, akaisoma elimu ya viumbe hata mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kikamtunuku shahada ya uzamivu, akawa wa kwanza kuipata miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Basi leo, binti yako akirejea na ndoo kichwani na suali kinywani, mtue ndoo, kisha mjibu kwa taadhima ile ile ambayo ungemjibu nduguye wa kiume.