Chura wa Kihansi na Tope la Buti

Chura wa Kihansi mzima hafiki sentimita 3. Ana rangi ya manjano, na hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea: huzaa watoto walio vyura kamili, kila mmoja kama punje ya mchele. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Duniani kote hana kwao pengine ila vijishamba vichache vya majani pale chini, vilivyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko.

Mwaka 2000 bwawa likajengwa na maji mengi ya mto yakachepushwa kwenda kuzalisha umeme. Manyunyu yakakatika, majani yakaanza kukauka. Kejeli hazikukosekana: umeme na chura, bora nini? Hata hivyo vyura karibu 500 walipelekwa New York kutunzwa, na korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji. Dawa ikafanya kazi. Kufikia Juni 2003 walikadiriwa kuwa 20,000 hivi, na ungedhani shauri limekwisha.

Januari 2004 walionekana 3 tu.

Maji yalikuwepo. Wapo waliotaja sumu za mashambani zilizoshuka bwawa lilipofunguliwa. Lakini katika mizoga ilikutwa kuvu iitwayo kitridi, ambayo imefagia vyura wa vijito vya misituni kuanzia Australia hadi Panama. Kuvu hii hula ngozi, na chura hunywa kwa ngozi. Ikiharibika, chumvi ya mwilini huvurugika, moyo ukasimama. Vijimbegu vyake huogelea, na tope bichi linatosha kuvisafirisha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hapa huenda kilikuwa kwenye buti. Nani aliileta, hajulikani, nami simnyoshei mtu kidole. Ninachoshangaa ni kwamba tulihesabu lita za maji kwa bidii ile, na mlango tukauacha wazi.

Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini. Wajukuu wa wale waliopelekwa Marekani walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012, na sasa anayeingia huko hutakiwa kwanza kuua vijidudu kwenye viatu vyake. Ukifika, ukaambiwa uchovye buti kwenye beseni la dawa, usinune wala usitafute njia ya pembeni. Chovya, na soli uisugue.