Wito wa Mfanyakazi Baada ya Kampuni Kuuzwa

Katika mapokeo ya Martin Luther na John Calvin, ambayo yamerithiwa na Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, lenye hospitali ya misheni huko Plateau, karibu na Eldoret, kazi halali ni wito, yaani agizo la Mungu la kumtumikia jirani kwa ujuzi ambao mtu amejaliwa. Swali gumu huzuka pale kampuni ya programu za kompyuta inaponunuliwa na mwenye nia ya kubana matumizi: je, wito huo nao huhamia kwa mmiliki mpya?

Chukua mfano wa Eldoret yenyewe. Mwaka 2006 mfumo wa rekodi za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianza kutumika huko katika mpango wa afya wa AMPATH, ukiwa umeandikwa kwa lugha ya programu ya Java na ukihifadhi taarifa zake katika hifadhidata ya MySQL. Januari 2010 Java na MySQL ziliingia mikononi mwa kampuni ya Oracle, iliyoinunua Sun Microsystems, mmiliki wake, kwa takriban dola bilioni 7.4 na kisha ikapunguza wafanyakazi. James Gosling, aliyebuni Java, alijiuzulu Aprili mwaka huo. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, alikuwa ameshaanzisha hifadhidata ya MariaDB kutokana na msimbo uleule, kwani leseni huria, inayomruhusu yeyote kunakili na kuendeleza programu, haifutwi na mauzo. Mgonjwa wa Eldoret hakuwa mhusika katika biashara hiyo, ilhali yeye ndiye jirani ambaye kazi yote ile ilimlenga, na deni la kumhudumia halina bei.

Hata hivyo fundisho hili la wito, ambalo ni la kweli, hugeuzwa upesi kuwa kiboko, maana waliobaki huambiwa wabebe kazi za walioondolewa kwa jina la moyo wa kujitolea. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humlinda anayepunguzwa kazini, kwa notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Anayebaki na mzigo wa watu watatu kifungu hicho hakimgusi. Lakini mnunuzi naye ana jirani, na wito unambana yeye kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kupunguza mzigo huo. Wahubiri wa Uasin Gishu, kaunti iliyo na Eldoret, wanaowahimiza vijana kufanya kazi kwa bidii wawaambie waajiri jambo hili, tena waziwazi.