Mgema na Sifa

Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hutumiwa kama sheria isiyo na mchepuko: sifa huzaa wanunuzi, wanunuzi huzaa tamaa, na tamaa huiharibu kazi iliyosifiwa. Lakini je, ni lazima iwe hivyo? Katika abasia ya Sint-Sixtus, kijijini Westvleteren, magharibi mwa Ubelgiji, wako watawa Watrapisti ambao mwenendo wao wastahili kupimwa kwa swali hili.

Watawa hao hupika bia. Iliyo kali kupita zote huitwa 12, na nguvu ya kileo chake ni asilimia 10.2, kadiri ya mara mbili ya bia ya kawaida. Ikimiminwa katika bilauri, rangi yake ni kahawia iliyokoza na povu lake ni zito. Harufu hutangulia: tende, zabibu kavu na sukari iliyoungua. Ulimi hupokea utamu kwanza, kisha ladha ya kimea kama ya mkate, kisha uchungu mwembamba, na mwisho joto lishukalo kifuani polepole. Kinywaji hiki hakimfai mwenye pupa. Agugumiaye huufikia ulevi kabla hajaifikia ladha. Mwenye subira huyapata yote katika bilauri moja.

Mwaka 2005 wapenzi wa bia waliotoa maoni yao katika mtandao waliitaja kuwa bora duniani. Sifa ikaenea, wanunuzi wakamiminika mlangoni, na ghala likaishiwa. Mfanyabiashara angalijenga kiwanda cha pili. Watawa hawakuongeza upishi ili kuifuata sifa, wala hawakuizimua bia. Kwao kazi ni sehemu ya maisha ya sala. Bia huwalisha, haiwatawali.

Zipo hoja mbili dhidi yao. Ya kwanza ni kwamba faida waliyoikataa ingaliweza kuwalisha maskini. Ya pili ni kwamba uhaba umewanufaisha walanguzi, ambao hununua kwa bei ya mlangoni na kuuza kwa bei ya juu, ijapokuwa watawa huwakataza. Hoja hizi si nyepesi. Asemaye ametosheka huituliza nafsi yake, lakini hawezi kuzituliza nafsi za wengine.

Walakini tendo lao la baadaye laonyesha kuwa kukataa kwao hakukuwa kiburi. Abasia ilipohitaji kujengwa upya, waliiuza bia yao katika maduka ya Ubelgiji mwaka 2011, na mwaka 2012 wakaipeleka nchi za nje, Marekani ikiwa mojawapo. Baada ya hapo walirejea katika desturi yao. Haja ilikipanua kiasi, na kwisha kwa haja kukakirudisha. Sifa haikupewa mizani.

Basi methali haikukosea, ilionya. Haiilaumu sifa, bali humlaumu mgema aliyeiacha sifa ishike kibuyu. Hapo mpishi na mnywaji huulizwa swali moja: ni nini kitakachomwambia basi? Mlevi hungoja chupa iishe. Mwenye tamaa hungoja wanunuzi waishe. Aijuaye haja yake huacha mapema, na ladha ingali kinywani.