REUBENI ALIKUWA WAPI?



Someni tena Mwanzo sura ya 37. Yusufu ni kijana wa miaka 17. Kaka zake wanamvua kanzu, wanamtupa shimoni, kisha wanaketi kula chakula. Ndio uonevu ule ule wa shuleni: wengi kumwonea mmoja, wakubwa kumwonea mdogo, na baadaye wote wanakula kana kwamba hakuna neno.

Sisi wa Mbinga twajua mashimo. Shimo la ngoro huchimbwa mlimani ili lishike maji ya mvua, udongo usishuke bondeni. Ni shimo la uhai. Shimo la Yusufu lilikuwa kavu.

Reubeni, mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyezuia Yusufu asiuawe. Alikusudia kumtoa shimoni na kumrudisha kwa baba yake. Nia yake ilikuwa njema. Lakini saa ile mdogo wake alipouzwa kwa vipande 20 vya fedha, Reubeni hakuwapo. Aliporudi alikuta shimo tupu, akararua nguo zake.

Ndugu zangu, Reubeni wa shule ni mwalimu. Naamini walimu wengi hawapendi uonevu. Lakini nia njema ya mtu asiyekuwapo haimwokoi mtoto. Uonevu haufanyiki mbele ya ubao. Hufanyika kisimani, vyooni, njiani kwenda nyumbani, na bwenini taa zikiisha kuzimwa, pale wageni wa kidato cha kwanza wanapofuliwa nguo na kutandikiwa vitanda na nani? Wao ndio wanaofua na kutandika kwa ajili ya wakubwa, na atakayekataa hupigwa. Kwa hiyo mwalimu wa zamu asikae ofisini na daftari lake. Atembee. Afike asipotazamiwa.

Pili, tutazame viranja. Kiranja ni msaidizi, si mtawala. Kwa kanuni za serikali za mwaka 2002, adhabu ya viboko hutolewa na mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Haizidi viboko vinne, na huandikwa kitabuni. Mwalimu anayemkabidhi kiranja fimbo amevunja kanuni, tena amefundisha uonevu.

Tatu, mwalimu mwenyewe ajitazame. Mwezi Oktoba 2016 nchi nzima iliona kwa uchungu picha za walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya. Mtoto akiona hayo hujifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Tena yako maumivu yasiyo ya fimbo. Mwalimu akimwita mtoto kilema au mjinga mbele ya darasa, jina hilo litamfuata mpaka uwanjani. Na akimpendelea mmoja waziwazi, kama Yakobo alivyofanya kwa kanzu ile, amepanda chuki ambayo wengine wataivuna.

Nne, mtoto anayeshitaki asikilizwe. Tukimwambia, "Acha uchongezi," hatarudi tena kusema. Miaka mingi baadaye kaka zake Yusufu walikumbuka jinsi alivyowasihi nao wasimsikie (Mwanzo 42). Wazazi nasi tuulize: mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu, anayerudi bila kalamu, amepatwa na nini? Tumwendee mwalimu kwa heshima, si kwa ugomvi.

Na yule mwonevu, tumfukuze tu? Yuda ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu. Lakini katika Mwanzo 44, ni Yuda huyo huyo aliyejitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake Benyamini. Mungu alimgeuza mwonevu akawa mlinzi. Mwonevu naye ni mwanafunzi wetu. Aadhibiwe kwa haki, aombe radhi, arudishe alichonyang'anya. Kisha apewe kazi ya kuwasaidia wadogo, na mwalimu akiwa karibu.

Bwana wetu alimweka mtoto katikati ya wanafunzi wake (Mathayo 18), si pembeni, wala shimoni. Jumapili hii tuwaombee walimu wa shule zetu, toka milimani huku Ukata mpaka ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ili siku mtoto atakapoulizwa, "Mwalimu wako alikuwa wapi?" aweze kujibu, "Alikuwapo."

Ee Mungu, walinde wadogo, waponye waonevu, watie nguvu walimu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.